Asilimia ya taa haikuambii matumbawe yanapata mwanga kiasi gani

Ndugu yangu, umeuliza taa yako mpya ya LED uiweke asilimia ngapi ili matumbawe uliyoyasafirisha mpaka kwenye tangi lako la maji ya chumvi huko Dodoma yasikufie. Asilimia unayoiona kwenye programu ya taa inaeleza tu taa inatumia nguvu zake kwa kiwango gani. Haisemi ni mwanga kiasi gani unalifikia tumbawe, kwa kuwa hilo hutegemea pia urefu wa taa kutoka kwenye maji, kina cha tangi na usafi wa maji yenyewe. Ndiyo maana mipangilio ya mwenzako mwenye taa kama yako inaweza kuyaunguza ya kwako.

Kipimo cha kutumia ni PAR, yaani mwanga ambao mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unaweza kuutumia kutengeneza chakula. Matumbawe laini na yale ya uyoga huridhika na takribani 50 hadi 100, Euphyllia, yale yenye minyiri mirefu inayopepea, 80 hadi 150, na Acropora, yale magumu yenye matawi, huhitaji 200 hadi 350. Usitegemee macho, maana mwanga wa buluu huonekana hafifu kwetu ilhali mwani huo unaunyonya vizuri sana.

Mimi niliponzwa na vumbi letu la kiangazi. Kwa miezi kadhaa lilikuwa limejikusanya juu ya kioo cha taa na kushikamana na chumvi iliyorushwa na mapovu, nami nikawa naongeza asilimia kidogo kidogo kila nilipoona tangi linafifia. Siku moja nikafuta kioo, na siku hiyohiyo nikabadilisha mkaa wa kuchujia, ambao uliondoa ule umanjano wa maji. Sikukumbuka kupunguza taa. Ndani ya wiki moja Euphyllia zilikuwa zimenywea, na tumbawe moja gumu lililokuwa juu kabisa ya mwamba likapauka, kwa sababu tumbawe likizidiwa na mwanga huwapoteza wale mwani wanaolilisha. Nililishusha hadi mchangani, nikapunguza mwanga kwa karibu nusu, na rangi ilichukua miezi kurudi. Tangu hapo nafuta kioo kila Jumamosi, hata kikionekana safi.

Kwa hiyo, kama huna kipima mwanga, anza chini, tuseme asilimia 20 kwa saa nane kwa siku, uweke matumbawe yote chini, kisha uongeze asilimia 5 kila baada ya wiki moja au mbili huku ukiyatazama. Yakigeuka kahawia na kurefuka kuelekea juu, yana njaa ya mwanga. Yakipauka au kunywea mchana taa inapokuwa kali zaidi, rudi nyuma mara moja. Usibadilishe mwanga, mkaa na mahali pa tumbawe katika wiki moja, kwani hutajua kipi kimeleta madhara.

Umeme ukikatika, usihangaike na taa, kwa sababu matumbawe huvumilia siku nzima ya giza. Betri yako iendeshe pampu ya kuzungusha maji. Ukirudi, usirefushe saa za mwanga ili kufidia.

Ukipata kipima mwanga cha kuazima hata kwa siku moja, pima mchangani, katikati na kileleni mwa mwamba, uandike namba hizo pamoja na urefu wa taa kabla hujakirudisha.