Marafiki wa mshahara na yule "bahili"

Mkuu, pole kwa kupunguzwa kazini. Umeuliza uwafanye nini marafiki wasiopokea simu zako siku hizi, ilhali yule mhasibu mliyekuwa mkimwita bahili ndiye aliyelipa ada ya mwanao.

Usiwahukumu wote kwa mkupuo. Uliwajua mezani tu, tena wiki ya mshahara, na pale anayeagiza raundi ndiye mtu wa watu, anayechomoka mapema ana roho mbaya. Huo ubahili wake huenda ndio uliozaa hiyo ada! Na katika waliopotea, yumo anayekukwepa kwa aibu tu, kwa kuwa naye hana kitu na hajui akuambie nini. Mtumie ujumbe, mweleze mapema kwamba huombi hela, unataka maongezi. Akijibu, basi. Lakini anayekutana nawe njiani akajifanya hajakuona, huyo usimmalizie vocha.

Kwa mhasibu, usiende na shukrani ndefu, utamtia haya. Nenda na tarehe ya kumrudishia, hata akikataa.

Halafu kuna jambo hukuliuliza. Kama ulikuwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, na umechangia walau miezi 18, kadai fao la kukosa ajira. Ni kama theluthi ya mshahara, hadi miezi sita, mradi hukuacha kazi mwenyewe. Wengi hawalifuatilii kabisa. Barua ya kuachishwa kazi usiitupe, watakuuliza.