Kisu kidogo kisichokunjwa kwa mawindo na kwa kila siku

Umeuliza kama kisu kimoja kidogo kisichokunjwa kinaweza kufaa kwa kuchuna mnyama na pia kwa kubebwa kila siku. Kinaweza, mradi usivutwe na ukubwa. Bapa la sentimita 8 hadi 10, lenye unene wa milimita 3 hivi mgongoni, linatosha hata kwa kulungu, na ncha yake iwe inashuka kidogo kuelekea makali, kwa kuwa ncha iliyopinda juu hutoboa utumbo kwa urahisi unapopasua tumbo, na nyama ikachafuka.

Chuma cha kaboni, kama cha aina iitwayo 1095, hunoleka upesi lakini hushika kutu haraka kikiachwa na damu. Kwa matumizi yako ningechagua chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, kwa mfano aina ya 12C27, ambacho huvumilia unyevu na bado hunolewa kwa jiwe la kawaida. Chuma hicho kiendelee ndani ya mpini hadi mwisho wake.

Ala, yaani mfuko wa kutilia kisu, husahauliwa na wengi, nami naiona muhimu sawa na kisu chenyewe, kwani ndiyo inayokilinda kiuno chako unapoinama au kuanguka. Ngozi hupendeza, ila hunyonya damu. Plastiki ngumu huoshwa ikatakata. Kabla ya kununua, igeuze juu chini ikiwa na kisu, uitikise, na kisu kikichomoka, kiache. Soma pia sheria za mahali ulipo, maana kisu kinachoruhusiwa porini huenda kikakatazwa mjini.