Barua za mpakani: mzee kaapa, jirani naye hashuki

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi uliopita niliandika mistari michache juu ya mzee mmoja aliyeng'oa uzio wa minyaa wa jirani yake usiku, nikaomba wenye wazee wa namna hiyo waniandikie. Nilitegemea barua mbili tatu. Kumbe kila kaya ya Dodoma ina mzee aliyekula kiapo. Nimechagua tano.

*Baba hasemezani na jirani mwaka wa saba sasa, kisa mpaka wa shamba. Juzi jirani kafiwa na mama yake. Baba katukataza kukanyaga pale, kasema atakayekwenda asirudi kwake. Nimekaa ndani nasikia vilio. Nifanyeje? (Mtoto wa pili, Mpunguzi)*

Nenda. Hata kama wamekwisha kuzika, nenda leo kabla matanga hayajaanuliwa. Beba unga kilo mbili au rambirambi yoyote uliyonayo, uandikwe kwenye daftari kwa jina lako, si la baba. Usipitie korongoni kama mwizi wa kuku. Pita barabarani, mchana.

Ukifika usimsemee baba wala usiombe radhi kwa niaba yake, maana hajakutuma. Sema pole, kaa na wenzako, chota maji, kata kuni, rudi. Msibani kwetu anahesabiwa aliyekuja, na asiyekuja anahesabiwa zaidi. Na siku yenu nanyi ya kuchimba kaburi itafika, pengine kiangazi, ardhi hii ikiwa imekaza hata sururu inadunda. Mtamwita nani?

Baba yangu aliapa hivyo hivyo kule Mvumi nikiwa darasa la sita. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa", akajifunga khanga akaenda msibani. Aliporudi, baba alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Hakusema neno siku nne. Siku ya tano akauliza, "Walipika nini?" Yakaishia hapo. Sikuahidi kwamba wako atakuwa mwepesi kiasi hicho, ila mzee anayesema "asirudi kwangu" mara nyingi anapima tu kama bado anaogopwa. Rudi jioni, msalimie, mwekee maji ya kuoga, usijitetee.

*Baba mkwe kanikataza kuchota maji bomba la jirani kwa sababu ya ugomvi wao. La kijiji liko mbali, nina mimba ya miezi saba, mume wangu yuko Dar. Siwezi kujibizana na mkwe. (Mkamwana, Bahi)*

Wala usijaribu. Hii ni kazi ya mumeo, na aifanye leo kwa simu. Asimpigie baba yake, ambaye atawaka. Ampigie baba mdogo, na amtafute mshenga aliyeleta posa kwenu. Watu humsahau mshenga mahari ikishafika, lakini yeye ndiye mtu pekee aliyewaahidi wazazi wako, kwa mdomo wake, kwamba utatunzwa. Ana haki ya kuja kukaa na mzee na kumuuliza kama ndoo hizi zilikuwemo kwenye makubaliano.

Wakati hayo yakiendelea, kliniki wakikuuliza unabeba ndoo ngapi kwa siku, waambie kweli, usiwe na haya. Na mumeo alipe mtu wa mkokoteni akuletee maji. Akisema hana hela, muulize ya vocha anapata wapi.

*Mzee anataka kuuza ng'ombe wanne ampate wakili amshtaki jirani kwa hatua sita za mpaka. Tumebakiwa na ng'ombe tisa. Kesi ya shamba inaanzia wapi? (Kijana, Kongwa)*

Kwa kawaida haianzii kwa wakili. Kijijini kwenu kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, na angalau watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Juu yake kuna Baraza la Kata. Zamani kata ilikuwa inaamua kesi za ardhi, lakini tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 nayo inasuluhisha tu, ikiwa na siku 30. Ikishindwa inathibitisha kwa maandishi kwamba imeshindwa, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuiruka kata ni kujitafutia kurudishwa mlangoni. Kwa hiyo kwa sasa ng'ombe wabaki zizini.

Jambo moja usilipuuze: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mzee anayesema "nitamshughulikia" kila msimu anaweza kuamka siku moja muda umempita.

Halafu pigeni hesabu. Hatua sita hizo, mkipanda uwele mwaka wa mvua nzuri, mnavuna madebe mangapi? Linganisheni na ng'ombe mmoja tu, achilia mbali wanne. Ila hesabu hiyo usimsomee wewe. Mpe mzee wa rika lake. Hesabu ya mtoto, hata iwe sahihi, huingia masikioni kama tusi.

*Mimi ndiye mzee mnayemsema. Nina miaka 78. Mpaka wetu ulikuwa korongo. Mvua zimelisogeza kuja kwangu, na jirani analima mpaka ukingoni. Watoto wanasema niache. Niache nini? (Mzee, Chamwino)*

Shikamoo mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwenye korongo una hoja. Mvua zetu huja mara moja kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili hivi, zinapiga ardhi tupu kwa hasira na kuikata. Kondoa serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 ikafika hatua ya kuondoa mifugo kwenye eneo lililoharibika. Mpaka unaotembea si mpaka. Na wewe ulikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini. Unajua kuambiwa "ondoka hapa" kunavyouma, kwa hiyo sitakwambia uache.

Lakini mzee wangu, barua yako ina kurasa tatu, na korongo limepata nusu ukurasa. Zilizobaki zote ni ile asubuhi jirani alipopita na pikipiki mbele ya wajukuu zako asikuamkie. Hilo halipimwi kwa kamba, na hakuna baraza litakalokulipa. Pia uliandika kwamba mwanao wa Morogoro haji tena sikukuu. Ukaukata mstari huo kwa kalamu. Unasomeka.

Ushauri wangu: tafuta wazee wawili wanaokumbuka korongo lilipopita zamani, mwite na mwenyekiti wa kitongoji, muweke mawe siku moja mkiwa wote mmesimama pale. Mkitaka kupanda minyaa, wajukuu wakae mbali, utomvu wake unaunguza macho. Hilo la shamba. La salamu mwambie yeye mwenyewe, mbele ya wazee hao hao: "Ulinipita." Neno moja tu, bila korongo. Naona miaka yote hii hajawahi kuambiwa kosa lake ni lipi hasa.

*Mzee wetu kakata mwembe wa jirani akidai uko ndani ya bikoni zetu, zile alama za mpaka alizoweka mpima. Nimtumie jirani hela ya fidia kwa simu kimya kimya, mzee asijue? (Ipagala)*

Hapana. Ujumbe wa muamala wenye jina lako utafika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya jioni, kama ushahidi kwamba familia imekiri, na mzee atausikia huko huko. Kama ugomvi ni wa bikoni, hela hiyo mlipeni mpima ardhi aje azisome, jirani akiwepo na mzee akiwepo. Mwekeeni mzee kiti kivulini. Kivuli chochote kilichobaki.