Muulize Mwalimu: Tangi la Maji Linaonaje Angani?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu, ninakouza matangi ya maji. Binti yangu aliye chuo kikuu ananiambia huko Meksiko kuna matangi 300 mlimani, yamejaa maji, na hakuna anayeyanywa. Eti yanakamata miale kutoka angani. Ni kweli, au ananichezea? Na mbona wapande na maji mlima wote huo? Je, miale hiyo haitudhuru?
Muuza matangi, Kondele

JIBU: Ndugu yangu wa Kondele, salamu zimefika hapa Nakuru. Binti yako hakuchezei hata kidogo. Matangi hayo yako kwenye mlima wa Sierra Negra, mita 4,100 juu ya usawa wa bahari. Mtambo wenyewe unaitwa HAWC na ulizinduliwa mwaka 2015.

Wewe unalijua tangi la lita 10,000. Moja la kule ni la chuma, upana wake mita 7.3, na linabeba karibu lita 200,000. Ndani ni giza totoro. Wateja wako wanapenda tangi jeusi ili mwani usiote. Kule giza ni kwa ajili ya vihisio vinne vilivyo chini kabisa, vinavyotazama juu vikingoja mwanga hafifu mno.

Mwanga huo unatoka wapi? Nenda ufukweni Dunga jioni utazame mashua ya injini. Ikielea tu, viwimbi husambaa pande zote. Ikivishinda mbio, vinabaki nyuma na kurundikana kuwa mkia. Sasa, mwanga ndani ya maji hupunguza mwendo hadi kilomita kama 225,000 kwa sekunde. Chembe itokayo angani ikiingia na kasi inayokaribia kilomita 300,000, inaupita mwanga na kuacha mkia wake: mng'ao wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov. Pavel Cherenkov, Mrusi, alitunukiwa Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1958 kwa ajili ya jambo hilo.

Kuhusu mlima: miale inayotafutwa ni ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nguvu kuliko hata eksirei. Mwale wa gama haufiki chini wenyewe. Ukigonga hewa ya juu huzaa chembe mbili, hizo zikazaa nyingine, mpaka inakuwa mvua ya chembe. Kisha hewa inaimaliza. Hewa iliyo juu yako Kisumu ina uzito wa paa la maji lenye unene wa mita 9 hivi. Sierra Negra ni kama 6. Niliwahi kupanda Elgon na wanafunzi wa kidato cha tatu. Tulipopita mita 4,000 nilikuwa nikisimama kila hatua kumi nivute pumzi. Hewa chache iliyonitesa mimi ndiyo wanayoifuata wenzetu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni jinsi wanavyojua mwale umetoka wapi. Mvua ikishuka kutoka Menengai, mabati ya jirani wa juu hulia kabla ya yangu, nami najua inakotoka. Mvua ya chembe nayo hushuka kama chapati nyembamba iliyoinama: matangi ya upande mmoja humulika kwanza, mengine nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache baadaye. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoonyesha njia.

Nyingi ya mvua hizo huletwa na miale ya kosmiki, ambayo kwa kweli ni viini vya atomu. Kwa kuwa vina chaji, sumaku ya anga huvipinda njiani. Gama haipindwi, inaelekeza moja kwa moja kwenye chanzo chake, kama mabaki ya nyota ya Nebula ya Kaa, ambayo wanajimu wa China waliona ikilipuka mwaka 1054.

Madhara? Usiogope, tumezaliwa ndani yake. Chembe kama moja hivi hupita kwenye kiganja kila sekunde, hata unapomwandikia mteja risiti.