Gari Linalozima Kila Unaposimama: Tafuta Hewa Kwanza Kabla ya Kununua Pampu

Gari linalopanda kilima bila kusita, kisha likafika kwenye mataa na kuzima, kwa kawaida halijapungukiwa mafuta. Naanza na kauli hiyo kwa sababu mwenye gari la petroli lililotoka Japani mtumba, akifika gereji na malalamiko haya, mara nyingi huambiwa anunue pampu ya mafuta, kisha plagi, kisha asafishe nozeli, na fedha zinamwishia ugonjwa wenyewe ukiwa haujajulikana. Pampu iliyochoka hujionyesha pale injini inapodai mafuta mengi, yaani kwenye mlima au unapotaka kulipita lori. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila wewe kukanyaga pedeli ya mafuta, injini hudai mafuta kidogo sana. Kinacholegalega pale ni hesabu ya hewa.

Unapoondoa mguu kwenye pedeli, kipepeo cha throto, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, hujifunga karibu kabisa, na hewa inayobaki kuiendesha injini hupita kwenye upenyo mwembamba sana, au kwenye vali ya sailensa inayoongozwa na kompyuta. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini huacha masizi kwenye ukingo wa kipepeo hicho, na ingawa masizi hayo hayaonekani kuwa na athari ukiwa kwenye mwendo, ukisimama ndiyo yanayoziba njia. Ndiyo maana kusafisha throto ndiyo kazi pekee ninayokubali ifanywe hata kabla ya vipimo: ni rahisi, na uchafu wa throto ndio chanzo cha visa vingi. Itumike dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini, na kama throto ni ya umeme, kipepeo kisisukumwe kwa kidole wakati swichi imewashwa. Baada ya hapo sailensa inaweza kupanda kwa muda hadi kompyuta ijipange upya, na kwa baadhi ya magari fundi hulazimika kuipanga kwa mashine.

Kama usafi haukusaidia, kazi inayofuata ni ya mwenye gari mwenyewe, nayo ni kuchunguza linazima wakati gani hasa. Je, ni likiwa la baridi au likishapata moto? Je, ni eisii (kiyoyozi) ikiwashwa? Kwenye gari lisilo na kasoro, eisii ikiwashwa kompyuta huiongezea injini hewa kufidia mzigo, kwa hiyo mshale wa mizunguko ukiporomoka badala ya kutulia au kupanda kidogo, udhibiti wa sailensa haufanyi kazi yake. Linasumbua zaidi mara tu baada ya kujaza mafuta kituoni? Hapo ishuku vali inayopeleka mvuke wa tangi kwenye injini, kwani ikikwama wazi huzidisha mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta. Linazima hata ukiwa kasi ya kilomita 80 kwa saa? Basi huo ni ugonjwa mwingine, pengine sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta mzunguko wa injini) inayokata ikipata moto, na makala hii haikuhusu.

Gari langu, dogo la cc 1500 na la otomatiki, lilikuwa likizima kwenye foleni ya Mwenge nikiwa kwenye D, lakini nikilirudisha nyuma kuingia kwenye maegesho lilitulia kama halina tatizo. Tofauti hiyo ndiyo iliyotoa jibu. Injini huegemea upande mmoja inapovuta kwenda mbele, na upande mwingine inapovuta kinyumenyume. Kwa hiyo kitu kilichopasuka kinaweza kufunguka kwenye D na kujifunga kwenye R. Tulipolitoa bomba la mpira linalounganisha chujio la hewa na throto na kulikunja mikononi, ufa ulionekana chini, ndani ya mikunjo, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bomba likiwa limefungwa. Hewa iliyoingia hapo ilikuwa imeshaikwepa sensa inayopima hewa, kompyuta haikuijua, na mafuta hayakulinganishwa nayo. Fundi alitaka kuuzungushia ufa ule utepe, nami nikakataa: joto na mafuta ya chini ya boneti huubandua, kisha unarudi kwenye kutafuta upya kitu ulichokwisha kukipata.

Likizima hasa unapokanyaga breki, angalia busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kukupunguzia uzito wa pedeli, na mpira wake wa vakyumu. Ukiwa umeegesha, zima injini, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, ikandamize hivyohivyo, kisha uwashe. Pedeli inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, au ukisikia mluzi wa hewa karibu na miguu yako na sailensa ikiyumba kila unapokanyaga, busta inavuja na haina budi kushughulikiwa haraka, maana hapo si injini tu iliyo mashakani.

Kwa gari la otomatiki bado kuna mshukiwa mwingine ambaye mafundi wengi wa injini humsahau. Ndani ya tokikonveta, kiungo kati ya injini na gia boksi, mna klachi inayojifunga ukiwa kwenye mwendo, na isipoachia unaposimama, gari hutetemeka na kuzima kama la manyo lililosimamishwa bila kukanyaga klachi. Dalili yake ni kwamba asubuhi mtaani gari halina neno, lakini ukitoka barabara kuu gia boksi ikiwa na moto, linakufa kwenye kituo cha kwanza. Mahali penye usalama na pasipo na magari, weka N (gia huru) kabla tu ya kusimama. Injini ikiendelea kunguruma vizuri kwenye N na kufa kwenye D, ulizia solenoidi (vali ya umeme) ya klachi hiyo pamoja na hali na aina ya oili ya gia boksi. Hata hivyo sailensa dhaifu nayo inaweza kuzidiwa na mzigo wa D, na ndiyo sababu nimeitanguliza throto.

Mashine ya kupimia ina nafasi yake, ila usiridhike na fundi kukusomea namba ya kosa tu. P0505 inasema udhibiti wa sailensa una kasoro, P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, na hakuna hata moja inayotaja kifaa cha kununua. Mwombe akuonyeshe asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza, kwanza gari likiwa sailensa, kisha kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Ikiwa ni 20 au zaidi kwenye sailensa na inashuka karibu na sifuri ukikanyaga, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa. Pima tena hivyohivyo baada ya matengenezo, injini ikiwa na moto na eisii imewashwa, kabla hujalipa.