Hofu ya Mashua

Swali: Tangu mashua ipinduke karibu na Shela, mdogo wangu hapandi chombo. Hofu yake yaweza kulegezwa? — Msomaji, Lamu

Jibu: Yaweza, dada, ila tukio halifutiki. Kumbukumbu ikiamshwa huweza kulegea kwa saa chache kabla ya kujifunga upya. Katika utafiti wa Marekani wa 2010, waliokumbushwa kitisho mara moja, wakangoja dakika 10, kisha wakakiona tena na tena bila madhara, hofu haikuwarudia. Waliongoja saa 6 iliwarudia. Majaribio mengine yameshindwa kupata matokeo hayo, kwa hiyo msitarajie muujiza.

Alitaje tukio kwa ufupi, apumzike dakika 10, kisha akae mashuani, imefungwa gatini, maji shwari, mpaka moyo utulie. Wala msimlazimishe! Akiandamwa na majinamizi, aanze kwa mtaalamu wa saikolojia.