Sindano za Kichina zitanitibu mgongo kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 41, nalima zabibu huku Hombolo. Mgongo wa chini mwaka wa pili huu, msimu wa kupogoa jioni hata kunyooka siwezi, diklofenaki nimemeza mpaka tumbo linaunguza. Jirani alienda mjini akachomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, na kufukizwa majani, anasema kapona. Mie wanataka nilipie mara kumi kwa mkupuo. Zimethibitishwa au naliwa hela?

JIBU: Marahaba mama, pole sana na shamba. Jirani yako hadanganyi, ila mgongo huwa unapanda na kushuka wenyewe na mtu anakimbilia tiba siku umepanda, kwa hiyo hata angekaa tu nyumbani huenda nafuu ingekuja. Ndo maana watafiti wanagawa wagonjwa kwa kura. Ujerumani mwaka 2007 walitoa matokeo ya watu 1,162 wenye mgongo sugu, kundi moja likachomwa sehemu zile zile wanazofundisha Wachina, la pili sindano za kuzugia, juu juu tu tena mahali pasipohusika, la tatu likapewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu kwa sindano za kweli ni asilimia 47.6, za kuzugia 44.2, tiba ya kawaida 27.4. Umeona hapo? Sindano zimeipita tiba ya kawaida, lakini za uongo nazo zimeipita, karibu sawa na za kweli! Mimi naamini kinachosaidia zaidi ni kule kulala nusu saa umetulia, mtu anakushika, anakusikiliza, na wewe una matumaini, maana wale wa kundi la tatu walijua kabisa hawachomwi.

Majani yale ni ya jamii ya pakanga, yanawashwa karibu na ngozi. Kwa mgongo ushahidi wake ni dhaifu zaidi, moshi na joto ni vigumu kumzugia mgonjwa, na watu wengine wanaungua.

Kumi kwa mkupuo usilipe mama. Ukitaka jaribu mbili tatu, sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Mguu ukifa ganzi au mkojo ukigoma, hospitali siku hiyo hiyo. Na hiyo diklofenaki iache leo, ukamwone daktari wa tumbo, choo kikiwa cheusi kama lami usisubiri hata kukuche.